Dawa za Chunusi Zimemharibia Mwanangu Macho: Je, Tutie Saini Barua ya Kliniki?

Barua ya msomaji

Ndugu Mshauri,

Ninakuandikia kwa niaba ya mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 19, na kwa idhini yake. Alipokuwa na miaka 17 alisumbuliwa na chunusi kubwa zenye usaha, zile zinazoacha makovu usoni na mgongoni, hata akawa hataki kupigwa picha wala kukaa mbele darasani. Kliniki ya ngozi tuliyokwenda ilianza kwa kumpa vidonge vya doksisiklini, dawa ya antibiotiki. Vilipoonekana havimsaidii vya kutosha, daktari mwingine wa kliniki hiyo hiyo alimwandikia isotretinoini. Hakuna aliyemwambia aache vile vya kwanza, naye akaendelea kumeza dawa zote mbili kama zilivyoandikwa.

Baada ya wiki chache kichwa kilianza kumuuma, hasa asubuhi na anapoinama, kisha akawa anasema macho yanaingia giza kwa muda mfupi kila anaposimama. Nilipiga simu kliniki, nikajibiwa kwamba maumivu ya kichwa ni ya kawaida kwa dawa hiyo, kwa hiyo anywe maji mengi na aendelee. Akaendelea. Mwishowe alipelekwa hospitali kubwa, ambako daktari wa macho aliona kwamba neva za macho zimevimba, na kipimo cha maji ya uti wa mgongo kikaonyesha kuwa shinikizo ndani ya fuvu limepanda mno. Dawa zote mbili zilisimamishwa siku hiyo hiyo. Maumivu ya kichwa yamekwisha, lakini uwezo wake wa kuona vitu vilivyo pembeni haukurudi, na ameambiwa kwamba hataruhusiwa kuendesha gari.

Sasa kliniki imetuletea barua. Wako tayari kulipia miwani na uchunguzi wa macho kwa mwaka mmoja, kwa sharti kwamba tutie saini kuwa hatutakuwa na madai mengine yoyote. Ndugu zangu wamegawanyika. Wengine wanasema tuchukue kilichopo, kwa kuwa mimi mwenyewe nilitia saini fomu ya ridhaa kabla dawa haijatolewa, na kikaratasi kilichomo ndani ya pakiti kinataja wazi hatari ya shinikizo la kichwa. Wengine wameniletea matangazo ya mawakili yanayosema kwamba kampuni ya dawa ilikwisha kuamriwa kulipa mamilioni ya dola huko Marekani, na kwamba nasi tuishitaki kampuni iliyotengeneza vidonge alivyomeza mwanangu. Je, tuna haki yoyote kisheria, na kama tunayo, tumdai nani?

Mama wa mgonjwa

Jibu

Mama mpendwa,

Poleni sana, wewe na kijana wako. Nitaanza na jambo lisiloweza kusubiri: msitie saini barua hiyo kabla wakili anayeshughulika na kesi za madhara ya tiba hajaisoma. Mapatano yanayofanywa baada ya madhara kutokea, yakiwa na maneno ya kufuta madai yote, kwa kawaida huheshimiwa na mahakama, na ni vigumu sana kuyavunja baadaye kwa hoja kwamba malipo yalikuwa madogo. Miwani haimrejeshei mtu eneo la kuona lililopotea kutokana na neva kuharibika, na uchunguzi wa mwaka mmoja ni mdogo mno kwa kijana wa miaka 19 ambaye ataishi na upungufu huo maisha yake yote.

Fomu uliyotia saini kabla ya matibabu ni jambo la aina nyingine kabisa, na naona ndiyo inayokukosesha usingizi kuliko kitu kingine. Ridhaa ya mgonjwa, au ya mzazi wake, ni kukubali tiba itolewe kwa uangalifu unaostahili, pamoja na hatari zinazobaki hata baada ya uangalifu huo. Haimpi daktari ruhusa ya kuandika dawa mbili zisizopaswa kutumiwa pamoja. Nchini Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 2015 kuhusu haki za wateja inasema wazi kwamba anayetoa huduma kibiashara hawezi kujiondolea dhima ya kifo au jeraha la mwili lililosababishwa na uzembe wake kwa kumtilisha mtu saini mapema. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi iliyoletwa na mama aliyejifungua mtoto akapata madhara, iliamua kwamba daktari anapaswa kumweleza mgonjwa kila hatari ambayo mtu mwenye busara, akiwa katika hali ya mgonjwa huyo, angeiona kuwa ya maana. Nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Uingereza huzisikiliza hukumu za namna hii, hata pale zisipolazimika kuzifuata. Kwa hiyo unapoitazama fomu yako, jiulize kama inataja mahali popote kwamba isotretinoini haipaswi kumezwa pamoja na doksisiklini. Ikiwa haitaji, hukuridhia hatari hiyo; na ikiwa inataja, basi kliniki iliijua hatari na bado ikamwacha kijana ameze dawa zote mbili.

Hapo ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili za ndugu zako. Wanaosema kikaratasi cha ndani ya pakiti kimewafungia mlango wanakosea, na wanaosema muishitaki kampuni wanautazama mlango usio wenu. Kikaratasi hicho huenda ndiyo hati yenye nguvu kuliko zote mlizo nazo, ila nguvu yake inaelekea kwa kliniki.

Isotretinoini ni dawa ya jamii ya vitamini A, na iliidhinishwa Marekani mwaka 1982 kwa ajili ya chunusi kali zisizosikia dawa nyingine. Inasaidia sana, na sisemi hivyo kuitetea, maana iko pia miongoni mwa dawa zinazowekewa masharti makali zaidi. Inaweza kumletea mtoto aliye tumboni ulemavu mkubwa, na kwa sababu hiyo Marekani iliweka mwaka 2006 mpango maalumu wa kuwaandikisha madaktari, wafamasia na wagonjwa wote kabla dawa haijatolewa. Maonyo yake yanataja pia huzuni nzito na mawazo ya kujiua, madhara ya ini, kupanda kwa mafuta katika damu, na kupanda kwa shinikizo ndani ya fuvu. Kuhusu hilo la mwisho, maonyo huongeza jambo moja mahususi: isitumiwe pamoja na dawa za jamii ya tetrasiklini, ambayo doksisiklini na minosiklini zimo, kwa sababu kila moja peke yake inaweza kulipandisha shinikizo hilo. Dalili zinazotajwa ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kutapika na kuona vibaya, na maelekezo ni kwamba mgonjwa mwenye dalili hizo achunguzwe neva za macho, na ikithibitika kuwa zimevimba, dawa isimamishwe mara moja.

Soma tena barua yako ukiwa na maneno hayo mbele yako. Mtengenezaji alisema dawa hizi mbili zisiambatane. Kliniki iliandika zote mbili. Mtengenezaji alisema dalili hizi zichunguzwe. Kliniki ilisema kijana anywe maji na aendelee.

Katika mifumo mingi ya sheria, dawa inayotolewa kwa cheti cha daktari humtaka mtengenezaji amwonye daktari ipasavyo, na daktari ndiye anayebeba wajibu wa kulitafsiri onyo hilo kwa mgonjwa aliye mbele yake. Mtengenezaji akishaonya kwa maneno ya kutosha, dai la kwamba hakuonya hudhoofika. Wagonjwa waliofanikiwa dhidi ya watengenezaji kwa kawaida ni wale walioweza kuonyesha kwamba onyo halikuwapo, au lilifichwa katika maneno ya jumla, au lilichelewa ilhali kampuni ilikuwa na taarifa. Ndugu zako wakikuta ushahidi wa namna hiyo, au wakikuta vidonge vilivyoharibika kiwandani au vya bandia, nitabadili maoni yangu. Kwa yale uliyonieleza, sioni.

Kuhusu mamilioni ya Marekani, yalikuwapo kweli, lakini matangazo yanasimulia nusu ya habari. Kesi hizo zilihusu Accutane, isotretinoini ya kampuni ya Roche, na madai mengi yalikuwa kwamba dawa hiyo ilisababisha ugonjwa wa uvimbe wa utumbo, bila maonyo kueleza hatari hiyo ipasavyo. Mgonjwa mmoja kutoka Alabama alipewa na wazee wa baraza dola milioni 2.6 mwaka 2007. Hukumu ikatenguliwa, kesi ikasikilizwa upya, na mwaka 2010 akapewa dola zaidi ya milioni 25. Hata hapo hakulipwa. Mabishano kuhusu kama alikuwa amechelewa kufungua shauri yaliendelea hadi Januari 2017, Mahakama ya Juu ya jimbo la New Jersey ilipomrejeshea ushindi wake. Kisha mwaka 2018 mahakama hiyo hiyo ilikubali kuondolewa kwa ushahidi wa wataalamu wa upande wa wagonjwa, kwa sababu njia waliyoitumia kufikia hitimisho kwamba dawa husababisha aina moja ya ugonjwa huo haikuwa ya kuaminika kisayansi, na zaidi ya mashauri 2,000 yakafutwa. Roche yenyewe ilikwisha kuacha kuuza Accutane Marekani tangu 2009, na isotretinoini inayotumika leo kwa sehemu kubwa hutengenezwa na kampuni nyingine. Hilo nalo lina uzito wake: mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba watengenezaji wa dawa zinazoiga dawa ya awali hawawezi, kwa sheria za majimbo, kudaiwa kwa kutoweka onyo kali zaidi, kwa kuwa sheria ya shirikisho inawalazimu kutumia maonyo yale yale ya dawa ya awali. Ukikutana na wakili anayekuonyesha ile hukumu ya milioni 25 bila kukutajia mashauri yaliyofutwa, mshukuru na utafute mwingine.

Dai lenu, basi, ni dai la uzembe wa kitabibu dhidi ya kliniki, na pengine dhidi ya duka la dawa pia. Duka moja likiwa limetoa dawa zote mbili kwa mgonjwa mmoja, mfamasia alikuwa na nafasi ya kuuona mgongano huo na kumpigia simu daktari. Kama kila dawa ilichukuliwa mahali pake, hoja hiyo hupungua. Kwa kliniki, mambo ya kuthibitisha ni kwamba ilikuwa na wajibu kwa kijana, kwamba ilitenda chini ya kiwango kinachotarajiwa kwa daktari wa fani hiyo, na kwamba kosa hilo ndilo lililomsababishia madhara. Wajibu hauna ubishi. Kuhusu kiwango, mna makosa mawili ya kuonyesha, na kwa maoni yangu la pili, yaani lile jibu la simu, ni zito zaidi, kwa sababu lilitolewa wakati uoni ulikuwa bado unaweza kuokolewa.

Vita vyenyewe vitakuwa juu ya usababishi. Wakili wa kliniki atasema kwamba shinikizo la fuvu hupanda pia kwa watu wasiomeza dawa yoyote, na hilo ni kweli; hutokea zaidi kwa wanawake vijana wenye uzito mkubwa. Atauliza uzito wa mwanao, atauliza kama alikuwa akimeza vidonge vya vitamini A kwa siri, na atauliza kama kuna ugonjwa mwingine ambao haukuchunguzwa. Kwa hiyo mtahitaji mtaalamu wa neva au wa macho, asiyehusika na matibabu yake, atakayeandika kwamba kwa uwezekano ulio mkubwa zaidi dawa hizo mbili ndizo chanzo. Kisha mtaalamu huyo aulizwe swali la pili ambalo wengi hulisahau: kama dawa zingesimamishwa siku uliyopiga simu, ni kiasi gani cha uoni kingebaki? Vipimo vya picha ya kichwa, kipimo cha maji ya uti wa mgongo na ramani za eneo la kuona zilizochukuliwa siku ya kwanza na baada yake ndivyo vitakavyojibu. Mfuatano wa tarehe unawasaidia: dawa ya pili iliongezwa, dalili zikaanza baada ya wiki chache, dawa zikasimamishwa, maumivu yakaisha.

Kwa sababu hiyo, ombeni jalada zima la mgonjwa kutoka kliniki na hospitalini, kwa maandishi, kabla ya kufanya mabishano yoyote. Ombeni vyeti vyote vya dawa, maelezo ya kila hudhurio, na kumbukumbu za simu. Wewe mwenyewe ichukue kutoka kampuni yako ya simu orodha ya simu ulizopiga kipindi hicho, kwa sababu kliniki inaweza kusema hukupiga, na kumbukumbu za namna hiyo hazihifadhiwi milele. Pakiti na makopo yasitupwe, hata yakiwa matupu, maana yana namba ya toleo na jina la mtengenezaji. Andikeni masimulizi ya tarehe kwa tarehe, kila mmoja peke yake, wewe na kijana, bila kusomeana. Wala msiyatangaze haya mitandaoni.

Muda ni jambo la kuharakisha. Kila nchi ina sheria ya ukomo wa kufungua mashauri, na shauri likichelewa hufa hata likiwa na haki ndani yake. Uingereza muda wa kawaida kwa jeraha la mwili ni miaka 3 tangu madhara yatokee au tangu mtu ajue, au alipopaswa kujua, kwamba ameumizwa na nani. Na kwa aliyeumia akiwa mtoto, saa huanza kuhesabu anapotimiza miaka 18. Zipo nchi zenye muda mfupi zaidi, na mahali pengine anayedai taasisi ya umma hutakiwa kwanza kutoa notisi ndani ya muda mfupi sana. Usidhani kwamba mazungumzo na kliniki yanasimamisha saa hiyo, maana kwa kawaida hayasimamishi. Swali la kwanza kwa wakili liwe tarehe ya mwisho, na aiandike.

Kuna jambo lingine linalowahusu kwa namna ya pekee. Mwanao sasa ni mtu mzima, kwa hiyo dai la maumivu, la kupoteza uoni na la kipato cha baadaye ni lake, na ndiye atakayempa wakili maelekezo na kuamua kupatana au kutopatana. Dai lako wewe, kwa kawaida, ni gharama ulizolipa alipokuwa chini ya ulezi wako. Mpe nafasi aseme anachotaka, kwani kesi ya namna hii inaweza kuchukua miaka, na wataalamu wa upande wa pili watamhoji yeye.

Kabla ya kufikiria mahakama, ulizeni kama nchi yenu ina mfuko wa kuwafidia walioumizwa na tiba bila kuthibitisha kosa la mtu. New Zealand inao mpango wa namna hiyo tangu 1974, na Uswidi ina bima ya madhara ya dawa tangu 1978. Mahali ambapo mfuko upo, mara nyingi ni njia ya haraka zaidi, ingawa malipo yake yana vipimo vilivyowekwa. Pasipo na mfuko, suluhu nje ya mahakama ndiyo humaliza mengi ya madai haya, na kliniki iliyokwisha kuandika barua ya kutoa malipo imeonyesha kwamba iko tayari kuzungumza. Kuhusu ada, nchi nyingine huruhusu wakili kulipwa asilimia ya fidia na nyingine hukataza, na katika nyingi anayeshindwa hubeba gharama za mwenzake. Muulizeni wakili pia nani atamlipa mtaalamu.

Malalamiko kwa baraza la madaktari ni njia tofauti, na hayawapi fidia, lakini yanaweza kumzuia daktari kurudia kosa. Ripoti kwa mamlaka ya udhibiti wa dawa tumeni hata leo. Haimshitaki mtu, na ndiyo inayosaidia hatari kama hizi kuonekana mapema. Uchunguzi wa macho usikatizwe kwa kungoja kesi, na kichwa kikirudi kuuma au macho kuingia giza, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Barua ya kliniki ijibiwe na kijana, kwa jina lake, kwa maneno machache: "Nimepokea barua yenu. Sijaikubali wala sijaikataa. Ninatafuta ushauri wa kisheria, na ninaomba nakala kamili ya jalada langu la matibabu, pamoja na vyeti vya dawa na kumbukumbu za simu. Ninaomba pia kwamba kumbukumbu hizo zote zihifadhiwe bila kubadilishwa." Asiongeze maelezo ya ugonjwa wala lawama. Aipeleke kwa mkono, na nakala anayobaki nayo ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.